Yule dada wa ustawi aliyekuja na nesi wa tiba shufaa

SWALI: Shikamoo. Mama yetu ana miaka 63, ana saratani ya mlango wa kizazi. Alipigwa mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, mwaka juzi akapata nafuu, sasa imerudi, na daktari amesema tumuuguzie nyumbani. Mimi ndiye mtoto wa mwisho na ndiye ninayemuuguza hapa Morogoro. Genge langu nimelifunga tangu Februari. Kaka zangu watatu wako Dar na Dodoma, wanatuma hela. Nesi wa tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na mateso ya mwenye ugonjwa mzito, anakuja kila wiki, namshukuru sana. Wiki iliyopita alikuja na dada mmoja aliyejitambulisha kuwa ni afisa ustawi wa jamii. Huyo hakumgusa mama wala hakuleta dawa. Aliuliza nani anampeleka mama chooni, mimi mara ya mwisho nimelala usiku mzima lini, nyumba ni ya nani, na mjukuu wa miaka 9 anayelala na mama, mtoto wa marehemu dada yetu, atabaki na nani. Nilipowasimulia kaka zangu walikuja juu. Wanasema huyo anachunguza mali na asikanyage tena. Tena wamekataza mama asiambiwe kwamba hatapona. Naomba kuelewa, kazi ya mtu huyu ni nini hasa, na nimkatalie?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana kwa kuuguza. Swali la mwisho nalijibu kwanza, maana najua kaka zako wanasubiri neno: usimkatalie. Akirudi na nesi wenu, mkaribishe. Nitakueleza sababu kwa urefu ili nawe uwe na la kuwaambia.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Nimefanya kazi hospitalini zaidi ya miaka ishirini, na karibu nusu ya miaka hiyo nimekuwa kwenye timu ya tiba shufaa, natembelea wagonjwa majumbani. Maswali yale manne uliyoandika nimeyauliza katika vyumba vingi, na hasira ya kaka zako naifahamu. Nesi anakuja na begi, kipimo cha presha na chupa ya mofini, ile dawa ya maumivu makali, kila mtu anaona alicholeta. Sisi tunakuja na daftari, tunauliza mambo ya ndani ya nyumba za watu, tunaondoka. Mgeni wa namna hiyo lazima atiliwe shaka. Lakini maswali yale ndiyo kazi yenyewe, kama sindano ilivyo kazi ya nesi.

Nikupe mfano. Nilikuwa na mgonjwa fundi seremala, mzee wa miaka sitini na kitu, saratani ya tezi dume imeshaingia kwenye mifupa. Mofini alikunywa kila baada ya saa nne, bila kuruka, na mchana ungemkuta barazani anaongea vizuri. Usiku ilikuwa habari nyingine. Anaguna, anajigeuza, anamwamsha mkewe amgeuze tena. Dozi ikaongezwa. Mchana akaanza kusinzia, usiku bado macho makavu. Nesi akaniambia, hebu nenda wewe.

Nilimkuta hataki kuongea ndani, akaniomba tukae kwenye karakana yake nyuma ya nyumba. Chini ya turubai kulikuwa na mbao za mninga, zimepangwa vizuri, zimeshapigwa randa. Nikamwuliza ni za nini. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema: za kitanda cha watu, sita kwa sita, na hela yao nimeshaila. Kijana mmoja alikuwa amelipa nusu kwa ajili ya harusi yake, mzee akaugua, ile hela ikaishia kwenye nauli na vipimo. Sasa alikuwa anaogopa kufa na deni la watu. Mkewe hakujua, watoto hawakujua.

Kwa ruhusa yake nilipiga simu mbili, moja kwa yule kijana, nyingine kwa mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ana karakana yake. Kijana hakuwa na kinyongo. Alisikia mzee anaumwa, akaona aibu kudai. Mwanafunzi akaja na mkokoteni kuchukua mbao, na baada ya siku tisa akamletea mzee picha kwenye simu, kitanda kimeungwa, bado vanishi. Mzee aliisogeza simu karibu na macho, akaangalia pembe moja moja, akasema mguu wa kushoto umekaa vibaya, wautoe. Usiku ule alilala mpaka adhana ya alfajiri. Siku zilizofuata mifupa iliendelea kuuma, sitakudanganya, lakini daktari aliweza kurudisha dozi ilipokuwa, na mzee akapata mchana wake tena.

Maumivu ya namna hiyo yana jina. Mwingereza Cicely Saunders aliyaita maumivu ya jumla, yaani mwili, moyo, mambo ya familia na fedha, na imani ya mtu, vyote vinauma kwa wakati mmoja na kimoja kinakichochea kingine. Wengi wanamtaja kama daktari aliyeanzisha hospisi za kisasa, yaani huduma za kuwatunza wagonjwa wasiopona. Wachache wanajua kwamba kabla ya udaktari alikuwa mwenzetu. Alianza kama nesi, mgongo ukamshinda, akasomea kazi ya ustawi wa wagonjwa hospitalini. Ni katika kazi hiyo, miaka ya 1947 na 1948, alipokutana na David Tasma, Myahudi kutoka Poland aliyekuwa anakufa kwa saratani London bila ndugu wa kumkalia kitandani. Walikuwa wakizungumza juu ya mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kumalizia siku zake kwa utulivu. Tasma alimwachia pauni 500 na maneno haya: nitakuwa dirisha katika nyumba yako. Saunders akaenda kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1957, na mwaka 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's kusini mwa London. Kwangu mimi habari hii si ya pembeni. Wazo zima la hospisi lilichipuka pale afisa ustawi alipovuta kiti akamsikiliza mgonjwa.

Huku kwetu, Nairobi Hospice ilifunguliwa mwaka 1990, na mwaka 1993 daktari Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda pale Kampala. Tanzania tunayo Ocean Road, na hospitali kama Selian ya Arusha na Teule ya Muheza ni miongoni mwa zilizotangulia kuwafuata wagonjwa majumbani. Sehemu kubwa ya huduma hii kwetu haina jengo wala vitanda. Hospisi ya mama yako ni chumba chake. Wodi ni nyumba yenu, nesi wa zamu ni wewe, na choo cha wodi ni kile cha uani. Sasa unaona kwa nini yule dada alianzia chooni.

Wauguzaji wengi hunijibu swali hilo kwa kifupi, "nampeleka mimi", kama ulivyojibu wewe pengine. Mimi huendelea: kutoka kitandani hadi chooni ni hatua ngapi? Mvua ikinyesha panateleza? Usiku anakuamsha au anajikaza? Wamama wa umri wa mama yako, mara nyingi jibu ni kwamba anajikaza. Anaona aibu kumsumbua mtoto, kwa hiyo anapunguza kunywa maji. Mofini nayo hufunga choo, na asiyekunywa maji hufungwa zaidi. Baada ya siku tano tumbo limejaa, hali chakula, na nyumba nzima inadhani ugonjwa umepanda kumbe ni choo. Nesi ana dawa ya kulainisha, na inapaswa kutolewa pamoja na mofini tangu mwanzo. Ila hakuna dawa ya aibu. Nimewahi kumwomba fundi wa mtaani amtobolee mama mmoja mgonjwa kiti cha plastiki, tukaweka ndoo yenye mfuniko chini yake na pazia la khanga kuzunguka. Kesho yake mama yule aliomba uji mara mbili.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliandika, nami nalisema kwa sababu ugonjwa wa mama naujua. Saratani ya mlango wa kizazi inaweza kutoa majimaji yenye harufu. Majirani wanaacha kuingia, watoto wanazuiwa kumkaribia bibi, na kuna wanaonong'ona kwamba ni ugonjwa wa tabia mbaya. Harufu ina tiba, mwambie nesi bila kuzunguka, vipo vidonge vinavyosaidia. Saratani haiambukizwi kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja. Kirusi kinachoianzisha kimeenea mno, mwanamke anaweza kukipata kwa mume wake wa ndoa, wa pekee katika maisha yake. Wasichana wa Tanzania wanachanjwa dhidi yake nchi nzima tangu mwaka 2018. Mara kadhaa nimekaa na mabalozi na akina mama wa jumuiya au wa madrasa nikiwaeleza hayo tu, na wiki iliyofuata mgonjwa akapata wageni. Hilo nalo limo katika kazi ya yule dada.

Sasa tuje kwako. Aliposema "umelala lini usiku mzima", wewe umeliandika kama swali la ajabu. Mimi nimesoma barua yako mara mbili, na hukulijibu. Umefunga genge tangu Februari. Kaka zako wanatuma hela, na wabarikiwe kwa hilo, wengine hawatumi. Lakini hela haimgeuzi mgonjwa saa nane za usiku. Timu ya tiba shufaa inamhesabu anayeuguza kama mgonjwa wa pili, kwa sababu tumeona mara nyingi: muuguzaji akianguka, mgonjwa anarudishwa wodini kwa dharura, wiki ambazo alitaka kukaa kwake zinaishia korido ya hospitali. Afisa ustawi anataka kujua nani mwingine anaweza kulala pale hata usiku mbili kwa wiki, kama unakula mchana, kama una mtu wa kuongea naye kitu kingine zaidi ya dawa. Ukimjibu ukweli, atakuwa na hoja ya kuwapelekea kaka zako ambayo wewe mdogo wao huwezi kuitoa bila kuonekana unalalamika.

Hoja hiyo hupelekwa kwenye kikao cha familia. Hapo ndipo kazi yetu inapokuwa ngumu na ndipo inapozaa matunda. Kwanza namwuliza mgonjwa kama anataka kikao, nani awepo, na yeye awepo au asiwepo. Wengi wanataka kuwepo. Walio mbali tunawaweka kwenye simu, spika imewashwa. Mgonjwa anaongea wa kwanza. Nakuomba usilichukulie hilo kama adabu tu, linabadilisha kikao chote. Watoto wa kiume wanaobishana juu ya hospitali ipi ya Dar, au kama waende India, hunyamaza wakisikia mama anasema anataka kubaki karibu na mti wake wa mwembe. Baada ya hapo tunaongea mambo ya kushikika. Wa Dodoma atapanda basi Ijumaa ya kwanza na ya tatu ya mwezi, alale yeye na mama, wewe ukalale kwa jirani. Mkubwa atamlipa binti wa kufua mashuka. Wa tatu atafuatilia bima na makaratasi. Naandika mbele yao nani amesema nini, nasoma kwa sauti, na wiki mbili baadaye napiga simu kuulizia. Wakiwa na ugomvi wa zamani, na kila familia inao, siutatui. Nawaomba tu uwekwe kando mpaka mama asiuone.

Kuhusu nyumba, kaka zako wana haki ya kuuliza kwa nini mtu wa hospitali anaulizia mali, nami nina kosa langu la kuwasimulia. Mwaka wangu wa kwanza kwenye timu nilifika kwa baba mmoja aliyekuwa amebakiza siku chache. Nilikuwa na haraka, nikaanza na wosia pale pale, mbele ya mke na watoto wa mke mwingine. Sikuwa nimemwuliza hata anaendeleaje. Kijana wake mkubwa alisimama, akafungua mlango na kuninyooshea kidole nje. Alikuwa sahihi. Baba yule alifariki bila mimi kurudi, na nikaja kusikia kwamba mama na watoto wake watatu walihama nyumba ile kabla ya arobaini. Nimejifunza kutanguliza mtu na kuacha karatasi zije zenyewe. Lakini sijajifunza kunyamaza, kwa sababu nimeona nini hutokea karatasi zisipokuja kabisa.

Afisa ustawi haandiki wosia, hagawi mali na hapati chochote humo. Anachotaka kujua ni kama kuna mtu atakayetolewa nje mama akifumba macho, hasa wewe na huyo mtoto. Kama mama mwenyewe anataka kuacha neno, atawaelekeza penye sheria, kwa wasaidizi wa kisheria au RITA, wakala wa serikali wa usajili na ufilisi, ambao huandika na kuhifadhi wosia. Sheria zinatofautiana. Kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, sheria ya kimila iliyoandikwa mwaka 1963 inakubali hata wosia wa mdomo, kwa mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Waluguru na wengine wa ukoo wa mama wana utaratibu wao. Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali, tena kwa asiye mrithi wake. Waambie kaka zako hivi: swali la nyumba linamlinda kila mmoja wao dhidi ya mwenzake, na jibu sahihi analo mama, maadamu bado anaongea.

Mjukuu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika maswali yote manne hili ndilo ambalo lisipojibiwa sasa halijibiki vizuri baadaye. Huyu mtoto ameshampoteza mama yake. Bibi ndiye kitanda chake, ndiye anayejua anaogopa nini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na inampa afisa ustawi wajibu wa kujua mtoto kama huyu yuko mikononi mwa nani. Atauliza baba yake yuko wapi. Atauliza nani kati yenu anamtaka kwa moyo, maana kutajwa kikaoni na kutakwa ni vitu viwili. Atauliza kama atabaki shule ile ile. Na atataka mtoto mwenyewe aulizwe, na si mbele ya watu wazima kumi.

Mtoto wa miaka tisa anajua. Anasikia usiku kuliko ninyi, analala mle mle. Asipoambiwa kitu atajitungia, na watoto hujitungia mabaya: kwamba bibi anaumwa kwa sababu yeye alimkosea, au kwamba kila anayempenda anakufa. Mwambieni kwa maneno mafupi na ya kweli. Bibi anaumwa saratani. Dawa zinapunguza maumivu, haziwezi kuiondoa. Hukusababisha wewe. Utakaa na fulani. Siku ikifika, msimwambie bibi amelala au amesafiri. Nimeona mtoto aliyekataa kulala wiki nzima kwa sababu aliambiwa marehemu amelala, na mwingine aliyekuwa anakwenda stendi ya basi kila jioni.

Kuna kazi moja nzuri ambayo mama na mjukuu wanaweza kuifanya kuanzia leo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akina mama wa Uganda waliokuwa wakiishi na VVU, kupitia chama chao cha NACWOLA, walieneza desturi ya kumwandikia mtoto kitabu cha kumbukumbu, nasi tumeichukua. Daftari la kawaida la shule linatosha. Mgonjwa anasema, mwingine anaandika. Nakumbuka daftari moja la binti wa miaka saba, mama yake alitamka nami nikaandika. Ukurasa wa kwanza: siku uliyozaliwa umeme ulikatika, nesi aliwasha tochi ya simu. Jina lako amekupa bibi mzaa baba. Hupendi bamia, wasikulazimishe. Ukipata homa masikio ndiyo yanaanza. Kisha akataja majina ya mababu, upande wa baba na wa mama, na kijiji alikozikwa kila mmoja. Ukurasa wa mwisho alichovya kiganja chake kwenye wino wa muhuri tulioazima serikali ya mtaa, akakigandamiza. Binti sasa yuko sekondari. Shangazi yake aliniambia bado anaweka kiganja chake juu ya kile, kuona kama amekifikia.

Nije kwenye siri. Kaka zako wamekataza mama asiambiwe, na najua wamefanya hivyo kwa mapenzi. Wanaogopa atakata tamaa. Afisa ustawi mwenye kazi yake hataingia chumbani kumtangazia mama kifo, hilo msiogope. Atamwuliza mama: mama, unauelewaje huu ugonjwa wako? Na: je, wewe ni mtu wa kupenda kujua kila kitu, au ungependa tuongee na watoto? Kisha anafuata jibu la mama. Wapo wanaosema niambieni watoto wangu, mimi niacheni na Mungu wangu, na hiyo ni haki yao. Lakini wengi wanajua tayari. Mama aliyelazwa Ocean Road wiki tano za mionzi amewaona wenzake, ameona nani alirudi na nani hakurudi. Bibi mmoja wa Kilosa aliniambia, wanangu wananificha, nami nawaficha kwamba najua. Aliendelea kuwafichia mwezi mzima, akimeza peke yake mambo aliyotaka kuwaambia. Mlipomfungia mama mlango wa mazungumzo, mmejifungia nanyi. Kama ana radhi ya kuwapa, au la kuwaomba, ataliweka wapi?

Hofu ya mofini hutokea hapo hapo. Kama kuna ndugu anayesema ni dawa ya kummalizia mgonjwa, msimfokee, mleteni azungumze na nesi. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari na kwa saa zake, mofini hutuliza maumivu, haiharakishi kifo. Mara nyingi ni sisi wa ustawi tunaoisikia hofu hii kwanza, kwa sababu nesi akiuliza, watu hujibu "anakunywa", kumbe chupa iko juu ya kabati haijafunguliwa.

Fedha nitazipitia kwa haraka. Kazi yetu ilianzia hospitali ya Royal Free ya London mwaka 1895, Mary Stewart alipoajiriwa kuchuja nani anastahili kutibiwa bure, na mpaka leo wengi wanatufahamu kwa hilo tu: nenda ustawi ukaombe msamaha wa malipo. Kama gharama zimewashinda, mwambie yule dada, chukueni barua ya serikali ya mtaa, ataipitia na kuipeleka panapohusika. Atajua kama kaya yenu inaweza kuangaliwa na TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na kama kanisa au msikiti una mfuko. Yeye mwenyewe hana fungu la hela mfukoni. Tena hadai chochote. Huduma yake haina malipo, na yeyote atakayeomba "hela ya fomu" au hati ya nyumba aondoke nayo, huyo si mwenzetu. Mwombeni kitambulisho, pigeni simu wodini kwa nesi wenu, hatakasirika. Anayoyasikia humo hayapeleki kwa majirani. Kitu kimoja tu hawezi kukificha: mtoto au mgonjwa akiwa anaumizwa.

Naye hatakuacha siku ya mazishi. Mkishatandua, wageni wakaondoka na matanga yakaanuliwa, kunakuwa na kimya ndani ya nyumba ambacho wewe uliyeuguza utakisikia kuliko wote. Mikono inakosa kazi. Unaamka saa nane kumgeuza mtu ambaye hayupo. Afisa ustawi wa tiba shufaa hurudi wakati huo, wiki kadhaa baadaye, kukuona wewe na mtoto, kuulizia kama kifo kimeandikishwa ndani ya zile siku 30, kama mtoto anakwenda shule, kama genge limefunguliwa. Ukiona miezi inapita huli, hulali, au unatamani kumfuata marehemu, mwambie siku hiyo hiyo.

Kwa wiki hii fanya hivi. Waulize kaka zako siku wanayoweza kushika simu wote watatu kwa saa nzima, halafu mwombe yule dada aje siku hiyo. Wasomee barua hii kabla. Nunua daftari, umpe mjukuu akae nalo karibu na bibi yake, aanze na swali lolote analotaka. Na dada akifika, usimpe kiti cha sebuleni. Mpe kigoda, akiweke karibu na kitanda, upande ambao mama anasikia vizuri. Wewe nenda kalale hata saa mbili.